Numéro Sept kwa Bata wa Kasha

Mwaka jana nilikuwa Bukavu kwa mdogo wangu, tukala bugali na maharagwe, nikauma kijiwe. Kabla sijafikiri, nilikuwa nimeshakitemea kiganjani na ninakitazama. Watoto wa mdogo wangu wakacheka. Sikuwaambia kwamba hivyo ndivyo bibi alivyotufundisha kula bata: taratibu, ulimi uitafute risasi kabla ya jino. Wewe nakuambia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Tulikaa Kasha, pembeni mwa Bukavu, na bonde lililo chini yetu lilikuwa bado kinamasi na mafunjo mpaka ziwani. Wakati wa kiangazi bibi, mama yake baba, alilima humo maharagwe, katika udongo mweusi usiokauka, na hayo ndiyo yaliyotulisha mpaka mvua irudi. Yalipochipua tu, bata bukini walipanda kutoka ziwani alfajiri kuyala. Bibi aliwafukuza kwa kugonga sufuria. Walimzoea upesi mno, nadhani hata walimpenda.

Baba alikuwa mlinzi katika shamba la kwinini la Mzungu mmoja, na kwa kazi hiyo aliruhusiwa kushika bunduki ya marisaa, ile inayorusha punje nyingi za risasi kwa mpigo mmoja. Kartushi zake zilikaa katika kopo la biskuti juu ya kabati. Zilikuwa za karatasi ngumu, na unyevu wa kwetu uliweza kuzivimbisha mpaka zikakataa kuingia katika bunduki, kwa hiyo mimi nilizianika juani na kuzipanga upya. Nilikuwa na miaka tisa, nilisoma kwa masista, na kila kartushi ilikuwa na namba juu ya kifuniko chake. Niliringa sana kwa kazi hiyo.

Siku moja baba alipasua mbili na kuzimwaga juu ya lungo la bibi ili nione tofauti. Punje za numéro deux, namba mbili, zilikuwa nene kama mtama. Za numéro sept, namba saba, zilikuwa nyingi na ndogo, karibu na ulezi.

“Unaona, maman,” alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nilibeba jina la mama yake. “Sept iko ya kwale. Bata iko na manyoya mingi na mafuta chini. Unaipiga na deux, inakufa palepale. Ukiikosa, inaenda muzima.”

Nilisikia vizuri, ila nilichukua kile nilichokitaka. Kulikuwa na bata wawili, dume na jike, waliokuja pamoja kila asubuhi kando ya mfereji uliopita shambani mwa bibi. Mmoja alikula, mwenzake akilinda, kisha wakabadilishana. Niliwapenda. Nilitaka wasife, na bibi alitaka maharagwe yake, na hata leo siwezi kusema bibi alikosea.

Jioni moja baba aliomba kartushi mbili za asubuhi. Nikampa numéro sept. Nilijiambia kwamba punje ndogo vile zitawauma kama nyuki tu, wataogopa na kuhamia ng'ambo ya ziwa. Baba hakutazama namba, maana kazi ya kutazama ilikuwa yangu.

Nilisikia mlio mmoja, kisha wa pili, nikakimbilia mferejini. Bata wote wawili walikuwa hewani. Mmoja aliruka vibaya, akashuka mbali katikati ya mafunjo. Baba alimtafuta mpaka saa ya kwenda kazini.

“Nilimupiga vizuri,” alimwambia bibi. “Sielewi.”

Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Siku tatu yule mwingine alizunguka juu ya mafunjo akiita kwa ile sauti yao ya kukwaruza. Bibi aliacha kugonga sufuria. Siku ya nne mbwa wa jirani alimpata yule aliyeanguka. Alikuwa hai bado. Bawa lilikuwa limeoza na funza wamo ndani. Baba alimvunja shingo mara moja, akampasua kifuani kwa kisu, na chini ya ngozi, zimekwama katika mafuta, zilikuwapo zile punje ndogo. Alichukua moja akaiweka kiganjani mwangu. Hakuuliza. Nilimwambia mwenyewe nilichofanya.

“Ulimuonea huruma,” alisema.

“Ndiyo, papa.”

“Basi siku ingine ukiwa na huruma, unipe deux.”

Jioni hiyo aliomba kartushi moja. Nje, yule aliyebaki alikuwa anaita. Nilifungua kopo, nikasoma namba mara mbili, nikampa numéro deux. Asubuhi ulisikika mlio mmoja, na baada yake kimya. Jumapili tulimla. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na njaa, nikala. Katika kipande changu nilikuta punje moja, nene.

Wazungu walipoondoka, bunduki nayo iliondoka, na baba akafa mzee bila kunikumbusha habari ile hata mara moja. Bonde sasa ni nyumba mpaka majini. Nilimuuliza mdogo wangu mfereji ulipita wapi, akaniuliza mfereji gani. Bata sikuwaona, na hakuna aliyeweza kuniambia waliacha kuja lini.

Kile kijiwe cha maharagwe nilikigeuza kiganjani kabla ya kukitupa. Kilikuwa kidogo, ukubwa wa sept.