Kashuga Wote Walitaka Kuandikwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Karuba, titulaire, yaani muuguzi mkuu wa kituo cha afya, alinikabidhi megafoni. "Yaya, wewe njo reko yetu sasa. Usilazimishe muntu." Reko ni mwanakijiji anayepeleka habari za afya nyumba kwa nyumba. Diploma sikuwa nayo. Baba alitangulia, kisha mama akafa akijifungua kitinda mimba, nami nikaacha shule nilee wadogo wangu. Ndiyo maana watu wote waliniita Yaya, mkubwa wa nyumba.

Baada ya miaka ya chanjo na vyandarua akaja docteur, daktari wa utafiti, akitafuta watu wa kujaribu dawa mpya ya malaria. Kazi ya kuwatafuta nikapewa mimi. Sheria yake ni ridhaa: mtu aelezwe yote, apewe muda wa kuwaza, akubali kwa hiari. Wenye mimba hawakuruhusiwa, maana hakuna aliyejua dawa itamfanya nini mtoto tumboni. Karuba walituuliza maswali mpaka jasho likamtoka docteur. "Hii damu munapeleka wapi? Munauzisha?"

Kisha tukatumwa Kashuga, kwenye kambi ya waliokimbia vita. Tulikuta uwanja umejaa, na hakuna aliyeuliza swali.

"Yaya, huku watu wanaelewa!" docteur akafurahi.

Mimi nilishtuka. Tangu lini watu wa kwetu Masisi wakakubali jambo bila ubishi?

Kwenye mstari alisimama mama kijana mwenye kichupa cha mkojo wa kupima mimba. Midomo yake ilikuwa na udongo mweupe, ule ambao kwetu wanawake hulamba wakiwa wajawazito.

"Dada, huu mukojo ni wako?"

"Ni wa mudogo wangu," akanong'ona. "Yaya, usiniseme. Watoto hawajakula."

"Kula? Sisi tumeleta dawa!"

Akanitazama kama mjinga. "Papa prezida wa kambi amepita na filimbi: 'Leo wanaandika watu!' Kuandikwa njo chakula. Ukikataa, wanakufuta."

Prezida hakudanganya; sisi wenyewe tulimtumia habari kwamba tunakuja kuandika watu. Ila kambini neno hilo lina maana moja tu: kuingizwa kwenye orodha ya chakula. Uwanja mzima ulikuwa tayari kumeza dawa wasiyoijua kwa ajili ya unga, na huyu na tumbo lake. Ndani yake nilimwona marehemu mama yangu.

Nilipomweleza docteur, aliketi juu ya sanduku la dawa. "Mungu wangu. Wote?"

"Wote, Docteur."

Nikashika megafoni. "Hatukuleta chakula! Tunajaribu dawa. Mwenye kukataa hafutwi!"

"Sasa mulikuja kutupikia hiyo megafoni?" mtu akapaza sauti. Wakacheka kwa hasira, wakatawanyika. Yule mama alimwaga kichupa, akaondoka mkono kiunoni. Sikumwona tena.

Baadaye, kule Walikale, mzee mwindaji alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza, akawaza, akasema: "Mimi hapana. Muke wangu, mumuulize yeye mwenyewe." Docteur alimshika mikono yote miwili akimshukuru. Mzee akashangaa sana.

Leo miguu imechoka, megafoni anayo mwingine. Nikisikia filimbi bado nashtuka. Ninyi mnaoanza kazi hii, mkifika mahali wote wakasema ndiyo, msishangilie. Ulizeni kwanza wamesikia nini.