Kapteni Aliyeondoka na Mtamba Wetu

Shida yangu ilianza mwaka wa 1951, nikiwa na miaka tisa, na ilikuja na harufu ya mafuta ya kondoo. Mimi si mtu wa kuzungukazunguka, nitasema wazi. Kwetu kulikuwa pembeni mwa Kisumu, juu ya Kibuye, pale ambapo siku zile mji ulikuwa unaishia na mashamba ya mtama yanaanza, na mafuta ya kupikia tuliyaona Krismasi. Mboga zetu zilichemshwa kwa maji na magadi zikaliwa hivyo hivyo. Jioni moja baba akaingia na kijana mrefu aliyebeba sanduku la mbao begani. Ndani ya sanduku mlikuwa na jozi ya viatu vya kuchezea mpira, na kando yake kopo la mafuta ya mkia wa kondoo. Kijana akaketi mlangoni, akachovya kidole, akaanza kuvipaka vile viatu polepole, mshono kwa mshono, kama mama anayempaka mtoto mchanga. Mimi nilikaa karibu, mate yamenijaa mdomoni. Ngozi ya kiatu ilikuwa inakula vizuri kuliko mimi. Huyo ndiye alikuwa Odindo, kapteni mpya wa timu yetu, na tangu usiku ule alilala kwetu.

Timu yenyewe haikuwa ya matajiri. Ilikuwa ya wapagazi wa bandarini, watu wa karakana ya reli, mafundi cherehani na wachuuzi wa samaki. Mchezaji mzuri akipatikana mbali, wakubwa wa timu walimtafutia kibarua bandarini, na shabiki mmoja akampa mahali pa kulala na chakula. Baba yangu kazi yake ilikuwa kupaka grisi mabehewa karakana ya reli, na siku za mechi ndiye aliyepuliza oporo, lile baragumu la pembe ambalo likilia unalisikia mpaka ziwani. Alijitolea kumchukua Odindo kabla hajaombwa. Mama hakuulizwa kabisa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa miaka mitatu na jembe letu hakuligusa hata mpini. Kitanda cha kamba nilicholalia na mdogo wangu akapewa yeye, sisi tukahamia kwenye magunia. Kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba, kila Mjaluo anajua hivyo, lakini baba aliikata katikati akampa Odindo nusu. Mimi, kifungua mimba wake, nilipewa shingo. Siku moja nilirudi shuleni mbio kumwambia baba kwamba nimekuwa wa pili darasani. Akasema, "Vizuri," halafu akageuka kumuuliza Odindo kama kifundo cha mguu kimepoa.

Watu wengine huandika kwamba utotoni walikuwa na huzuni. Mimi sikuwa na huzuni. Nilikuwa na wivu, na wivu ulikuwa na afya njema kuliko mimi. Nilionea wivu miguu yake, kicheko chake, hata kikohozi chake, kwa sababu akikohoa baba aliamka. Faraja yangu ilikuwa mama tu. Tukiwa jikoni, macho yanatutoka machozi kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, alikuwa akikwangua sufuria na kunung'unika, "Huyu mtu anakula kama anayechimba msingi. Baba yako ameniletea mume wa pili wa kupikia." Maneno hayo yalinishibisha. Nilijua katika nyumba ile tuko wawili tunaojua ukweli.

Kitu kimoja kilikuwa changu. Tulikuwa na mtamba mwekundu tuliyemwita Rakwar, na mwaka wa 1954 alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ng'ombe wa maskini hazai, husema watu, lakini wetu alikuwa njiani kuzaa, na mimi ndiye niliyemchunga tangu akiwa ndama. Baba alikuwa ameahidi mbele ya mama kwamba Rakwar akizaa, maziwa yatakwenda kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vitamutamu mjini, na kwa maziwa hayo mimi nitaendelea na shule. Bila maziwa hapakuwa na shule, hilo lilikuwa wazi kama jua. Kwa hiyo nilipokuwa nikimpeleka kunywa maji, nikimwangalia tumbo linavyoyumba, nilikuwa naangalia darasa la nne.

Ndipo timu moja ya Nairobi ikamwita Odindo, ikampa kazi na nyumba. Nilifurahi nusu saa. Nusu saa tu, kwa sababu timu yetu ilikuwa na desturi. Kapteni akiondoka, mashabiki walikaa Jumapili baada ya kanisa wakampima. Akionekana ameondoka vizuri, alisindikizwa na mnyama, kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima. Akionekana ametuacha vibaya, alikwenda na sanduku lake na vumbi lake. Na mnyama alitoka katika zizi la yule aliyemlaza. Sisi zizini tulikuwa na ng'ombe mmoja. Baba, kabla ya kikao chenyewe, alikuwa amekwisha kutangaza karakana nzima kwamba Rakwar yuko tayari. Mama aliposikia aliendelea kuchambua maharagwe.

Jumapili ikafika. Odindo akatumwa ziwani kuoga, maana mtu hapimwi akiwa anasikia. Wanaume wakajaa uani kwetu, wengine kwenye vigoda, wengine chini. Mimi nikakaa karibu na zizi nikimwomba Mungu wamtukane. Aliyeanza ni fundi Okoth, mshona jezi wa timu, mtu mfupi mwenye ulimi mrefu.

"Mnasema alituletea kombe," akasema. "Kombe gani? Lile bati lililo dirishani kwa duka la Mhindi? Mke wangu ana sufuria kubwa kuliko lile."

"Omera, ndugu yangu," akamjibu Ogola, mpagazi wa bandarini aliyempenda Odindo kama nduguye, "wewe ulishona jezi mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi, leo unakuja kupima kapteni?"

"Huo mkono ulirefuka kwa kuvutwa! Mtu anakaa na mpira kama anauatamia. Pasi hatoi. Na ile penalti dhidi ya watu wa Kericho? Mpira ulikwenda mpaka kwenye mtama wa watu. Mama mwenye shamba alikuja kunidai mimi!"

Watu wakacheka. Ogola akasimama. "Kabla yake tulifungwa ngapi? Sema, fundi. Tulikuwa tunarudi nyumbani kwa njia za panya, wake zetu wakitusubiri na nyimbo za kutucheka. Yeye ndiye alitufundisha kukimbia mpaka mwisho. Hata wewe ulianza kutembea katikati ya barabara."

"Sikatai. Lakini mcheza kwao hutunzwa. Huyu kwao ni wapi sasa? Leo anavaa ya Nairobi, kesho atarudi kutufunga. Tumpe ng'ombe ili atufunge akiwa ameshiba maziwa?"

Hapo moyo wangu ukaruka. Niliona vichwa vikitikisika, wazee wawili watatu wakisema, "Hiyo ni kweli, hiyo ni kweli." Kikao kilikuwa kinaegemea upande wangu. Na Okoth, akitaka kumaliza kazi, akamwona mama akija na kibuyu cha uji, akamwita kwa jina la kwao.

"Nyar Nyakach, njoo hapa. Sisi tulimwona Odindo uwanjani tu. Wewe ulimwona kwenye sahani. Tuambie, mama, huyu ni mtu wa kupewa ng'ombe?"

Sijawahi kupenda mtu kama nilivyompenda Okoth dakika ile. Nilijua mama atasema nini. Nilikuwa nimeyasikia jikoni miaka mitatu. Mama akatua kibuyu, akajifuta mikono kwa leso.

"Mpira siujui," akasema. "Nikisikia oporo najua mmeshinda, nisiposikia najua mtarudi mmelewa. Lakini yule kijana hajaweka sahani chini hata siku moja bila kusema, 'Asante, mama.' Mboga ina chumvi, asante. Mboga imeungua, asante. Akinikuta na mtungi ananitua. Nimepika katika nyumba hii tangu nilipoolewa, na neno hilo sikuwahi kulisikia kwa mtu mwingine. Mimi ningempa ng'ombe."

Akachukua kibuyu, akaingia jikoni.  Mimi nilihisi kama mtu aliyepigwa na mlango wa nyumba yake mwenyewe. Yule niliyedhani tuko naye upande mmoja, kumbe kunung'unika kwake kulikuwa kwa kazi na si kwa mtu. Odindo alikuwa amenichukulia kitanda, amenichukulia baba, na sasa mama pia, tena kwa neno moja ambalo halina gharama.

Lakini kulikuwa na mwingine aliyepigwa. Baba alikuwa amesimama. 

"Ng'ombe haendi," akasema.

"Kwa nini tena, mzee wetu, Jaduong'?" akauliza Ogola. "Si ni wewe uliyemtoa?"

"Haendi. Ana mimba."

"Na jana hakuwa nayo?"

Kicheko kilichotoka hapo kilitisha kuku. Na yule yule Okoth, adui wa Odindo, ndiye aliyeanguka chini akijipiga mapaja. "Jamani! Nilisema Odindo hafungi mabao. Nimekosea! Hili amelifunga hapa hapa nyumbani, na golikipa hakuliona! Nami natoa sauti yangu, kapteni apewe ng'ombe!"

Kwa muda ule mfupi, mimi na baba tulikuwa tunataka kitu kimoja, kwa sababu moja. Haikuwahi kutokea kabla, wala haikutokea tena. Nilimwangalia nikimsihi moyoni asimame hapo hapo, awaache wacheke, kicheko hakiui. Lakini mwanamume anayeitwa mwenye wivu mbele ya wenzake ana njia moja tu ya kukana. Baba akapaza sauti, "Mpelekeni! Mpelekeni leo leo, huyo ng'ombe na huyo mtu, asilale hapa hata mmoja!" Akaingia ndani. Kikao kikaisha. Hata neno la heshima ya Odindo likawa halina haja ya kupigiwa kura.

Mimi ndiye niliyetumwa kumswaga Rakwar mpaka Kisian, ambako jamaa zake Odindo wangempokea huyo ng'ombe, naye Odindo arudi mjini kupanda treni. Njia nzima alikuwa akiimba kidogo kidogo, sanduku begani. Hakujua lililosemwa, hakuna aliyemwambia, na mimi sikumwambia. Alinieleza kwamba Rakwar atakwenda kwa wakwe zake, sehemu ya mahari. Pale Kisian akanipa mkono kama mtu mzima, akasema, "Asante, ndugu yangu."  Rakwar aligeuza shingo mara moja, nikageuka mimi kabla hajageuza ya pili.

Shule iliisha hapo, darasa la tatu. Mwezi uliofuata nilikuwa nyuma ya duka la yule Mhindi, nasugua makarai yaliyogandwa na sukari, mikono imechanika, nikipima maziwa ya ng'ombe za watoto wengine. Nyumbani, baba alianza kusema asante baada ya kula. Alisema kwa sauti kubwa, kama mtu anayelipa faini kortini, na mama akakusanya sahani akaenda zake jikoni. Odindo alirudi mara moja na timu yake ya Nairobi, akatufunga kama fundi alivyosema, na mashabiki wetu wenyewe wakampigia makofi. Baba alikuwa ameketi na oporo magotini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mimi sikumaliza maisha yangu kwenye makarai. Nilijifunza maziwa: kuyanusa, kuyapima, kuyajua yaliyotiwa maji kwa kuyaangalia yanavyoshuka kwenye kidole. Nilipata baiskeli, kisha ng'ombe, kisha ng'ombe wengine. Hakuna aliyenishika mkono, na wanaosema nilisaidiwa waje waniambie usoni. Mama aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ya mabati niliyomjengea mimi. Siku moja nilipokwisha kula kwake nilisema, "Asante, mama." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Hilo neno," akasema, "umelitoa kwa Odindo." Basi hata hilo lilikuwa la kwake.

Leo nina ng'ombe wa gredi ishirini na wawili. Nina matrekta mawili yanayobeba miwa Muhoroni. Nina vyumba kumi na vinne vya kupangisha Kisian, na vibanda vitatu vya nguo Kibuye. Nimesomesha watoto saba mpaka wakachoka wenyewe. Nina nyumba ya mawe yenye sebule inayoenea watu thelathini, na televisheni pana kama mlango, na Jumamosi wazee wa hapa huja kwangu kutazama mpira. Viti ni vyangu, stima nalipa mimi, chai ni ya maziwa yangu. Mechi ikiisha wanazima sauti, wanasogeza viti karibu, na mmoja wao anaanza, "Lakini, bwana, yule Odindo..."