Siku Shija Alipoomba Achongewe Ganesha

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nimekaa katika karakana ya baba yangu mjini Shinyanga, penseli mkononi, nautazama ubao wa mninga uliolazwa mbele yangu, nisijue kama ninachotaka kukichora ni dhambi au ni kazi kama kazi nyingine. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule. Wakati ule nilikuwa na hakika na mambo mengi kuliko nilivyo leo. Chuoni nilifundishwa kuchora vizuri, kwa hiyo baba alinipa kazi ya kuchora nakshi juu ya mbao, naye akaifuata mistari yangu kwa patasi; vitu vidogo aliniachia nichonge mwenyewe.

Mteja wetu alikuwa Mama Jayesh, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa. Alizaliwa Mhunze, huko Kishapu, wakati baba yake akinunua pamba kwa wakulima, na alikua akicheza na watoto wa wakulima hao. Alipoingia karakanani alitusalimu "Mwangaluka" kwa Kisukuma ambacho mimi msomi nilikuwa nimeanza kukisahau. Kijumba chake cha ibada, lile kabati dogo la mbao ambalo Wahindu hulisimamisha nyumbani na kusali mbele yake, kilikuwa kimeliwa na mchwa. Alitaka kipya kabla ya sikukuu yao ya taa. Alituletea kalenda ya zamani yenye picha ili tuige: juu kabisa alama yao takatifu ya Om, kwenye milango maua ya yungiyungi, kwenye nguzo swastika, na katikati Ganesha, mungu wao mwenye kichwa cha tembo na tumbo la mtu aliyeshiba.

Nilianza kutatizika hapo hapo. Swastika niliijua kutoka katika kitabu cha historia, nayo humo ilikuwa alama ya wauaji. Nilipomwambia Mama Jayesh, alicheka taratibu.

"Hao waliichukua bila kutuomba," alisema. "Kwetu ni heri. Hata mlangoni mwa duka langu ipo, umepita chini yake tangu utotoni. Wewe chora, mikono yake ielekee kulia. Ukikosea, ubao nakurudishia."

Alipoondoka nilimgeukia baba.

"Baba, hii si sanamu?"

"Ni sanamu."

"Na sisi ni Wakristo."

"Wewe ni Mkristo. Mimi naenda kanisani Krismasi tu." Alipuliza vumbi kwenye patasi. "Mimbari ya kanisa lenu nani aliichonga? Na rehali za msikiti wa huku nyuma?"

"Hiyo ni tofauti."

"Haya, nieleze hiyo tofauti. Mimi nitakuwa nachonga."

Nilimweleza kwa muda mrefu, mwanangu. Nilitumia maneno ya chuoni na ya kwaya. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujipoteza mwenyewe, na nilipomaliza, sikio la tembo lilikuwa tayari limejitokeza kwenye ubao, zuri, limekunjamana kama jani la kabichi. Nikaendelea kuchora lile la pili.

Sasa nikueleze habari za mdogo wangu. Mimi naitwa Doto. Pacha wangu Kulwa alikuwa ameshaolewa, na aliyezaliwa baada yetu ni Shija, kama desturi yetu ya majina inavyotaka. Shija aliacha shule mapema akaenda kuchimba dhahabu karibu na Masumbwe, katika machimbo ambayo watu hushuka kwa kamba ndani ya shimo wanaloliita duara. Juma lile alikuja nyumbani kupumzika. Aliingia karakanani na vumbi jekundu bado limeshika kwenye nyusi.

"Shikamoo, mwalimu," alinitania, ingawa mimi ni dada yake tu. Kisha akamwona Ganesha. "Na huyu ndiye mkuu wenu wa chuo? Anaonekana analipwa vizuri."

Mama Jayesh alikuwapo, amekuja kukagua kazi. Nikaona aibu, lakini yeye alitabasamu. Shija akamwamkia kwa heshima, akamwita mama kwa Kisukuma, akauliza, "Mayu, huyu kazi yake nini hasa?"

"Huyu ndiye tunayeanza naye," alijibu. "Ukifungua duka, ukioa, ukienda safari, kwanza unamwomba huyu akuondolee vizuizi. Wengine wanafuata."

Shija hakutania tena. Alisimama pale akitazama, mikono mfukoni, mpaka Mama Jayesh akaaga na kuondoka. Ndipo akanisogelea.

"Doto, nichongee mdogo. Wa kuingia mfukoni."

"Wa nini?"

"Kule chini kila mtu ana chake. Mmoja ana hirizi, mwingine rozari, mwingine kafungwa mzizi kiunoni. Mimi naingia mtupu."

Mwanangu, nilikuwa nikilisubiri swali la namna hiyo tangu nihitimu. Nilimkalisha kwenye benchi la baba, nikamhutubia. Nilimweleza juu ya sanamu na juu ya ushirikina. Nilimkumbusha maovu yaliyotendwa katika mkoa wetu na waliotafuta utajiri kwa waganga, na vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho yao mekundu. Yote niliyosema yalikuwa kweli. Nikamalizia kwa kumwambia kwamba dhahabu hailetwi na tembo wa mbao.

"Nimetaja dhahabu?" aliuliza.

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio tu. Nilikuwa tayari natafuta la kuongeza.

"Yule mama ukimchongea ni kazi," alisema. "Mimi ukinichongea ni ushirikina."

"Yeye ni dini yake."

"Na mimi ni nini?"

Nilichukua penseli yangu, nikarudi mbele ya ubao. Aliinuka, akamgusa yule Ganesha wa kwenye ubao kwa kidole kimoja, akatoka. Jioni mama aliponiuliza Shija yuko wapi, tukagundua kwamba amechukua begi lake na kurudi machimboni bila kumuaga mtu.

Siku chache baadaye mimi na baba tulikipeleka kijumba nyumbani kwa Mama Jayesh. Baba alikikaza ukutani kwenye kona ya mashariki aliyoonyeshwa, kisha akatoka nje kuzungumza na mlinzi. Mimi nikabaki. Mama Jayesh alivua viatu, akapaka alama nyekundu kwenye kipaji cha uso wa Ganesha, akawasha taa ndogo ya samli, akafumba macho. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mwanangu, na sikujua niyafanyie nini macho yangu. Nikayafumba, nikaona kwamba nimemsaliti Kristo. Nikayafumbua, nikaona kwamba nachungulia faragha ya mtu. Mistari ile niliichora mimi kwa penseli, nikaifuta, nikairudia. Sasa mwanamke mzima alikuwa akiiambia mambo ambayo hata mtoto wake labda hakuyajua.

Alipomaliza alinipa chai. Nami, kwa kutaka kumwonyesha kwamba naiheshimu imani yake, nikamsimulia nilivyomkatalia Shija. Nilisema kwamba nisingekubali kitu chake kitakatifu kigeuzwe hirizi ya mchimbaji. Nilitegemea anishukuru.

Aliweka kikombe chini.

"Alikuambia kwa nini anakitaka?"

"Wote wanakitaka kwa sababu moja, Mama."

"Sijauliza wote."

Nami nikakiweka changu chini.

"Kwa hiyo nilikosea kumkatalia?" niliuliza.

"Hapana. Hata mimi ningemkatalia. Huyu si wa kufichwa mfukoni mwa suruali."

"Basi nilifanya sawa."

"Ulifanya sawa. Sasa yuko wapi?"

Nilieleza kwamba amerudi machimboni. Alinitazama, si kwa hasira. "Ng'wanawane," alisema, yaani mwanangu, kama vile mama yangu angeniita. "Mtu hakuombi umpe Mungu wa jirani kabla hajaishiwa na kila kitu chake. Unafikiri mimi kila asubuhi nawasha taa hii kwa sababu nimetulia? Mume wangu alipolazwa niliwasha taa nikitetemeka hadi samli ikamwagika. Kijana wa watu amekuja kwako anaogopa. Wewe umemfundisha somo."

Nilitaka kumjibu. Niliona kwamba kuna mahali amechanganya mambo mawili, na mtu aliyesoma angeweza kuyatenganisha. Hadi leo naona hivyo. Lakini niliinuka, nikaenda kumwita baba.

Tulisafiri kesho yake asubuhi kwenda Masumbwe, na kutoka pale tukapanda bodaboda hadi machimboni. Tulimkuta Shija amekaa juu ya kiroba cha mawe, anasubiri zamu yake ya kushuka. Wenzake walipotuona walianza.

"Shija, umeletewa wazazi? Leo kuna kikao cha shule?"

"Mzee, mwache mtoto anyonye kwanza, tutamshusha baadaye."

Baba aliwaamkua wote, akacheka nao, akaomba kuona shimo. Ukuta wa duara hushikiliwa na magogo yaliyopangwa kuzunguka ndani, wanayaita matimba. Baba alipiga magoti mdomoni mwa shimo, akabonyeza gogo la juu kwa dole gumba. Kisha la pili. Mimi nilikaa kwenye kiroba karibu na mdogo wangu na kumuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza kule karakanani.

"Shija, unaogopa nini?"

Alichora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu.

"Magogo yanalia," alisema polepole, wenzake wasisikie. "Ukiwa chini unayasikia. Wenzangu wanasema ni kawaida, mbao hulia. Nikisema naogopa wananiita mwanamke. Nikasema nikiwa na kitu mkononi, hata kama ni kipande cha mbao ulichochonga wewe, nitakuwa na cha kushika."

Elimu yangu yote ilikuwa juu ya kile kipande cha mbao.

Baba alirudi, akajipangusa magoti. "Haya matimba sijui," alisema. "Yameloa, mengine yametolewa kwenye shimo la zamani. Yanaweza kukaa. Yanaweza yasikae. Mimi ni fundi wa milango." Akamtazama mwanawe. "Lakini kama unataka kurudi nyumbani, sema ni mimi nimekulazimisha."

Shija alikuja nasi. Nyuma yetu walipiga miluzi mpaka bodaboda ikakata kona.

Ningependa kukuambia, mwanangu, kwamba duara lile liliporomoka siku iliyofuata. Simulizi ingetulia hapo. Halikuporomoka. Walilichimba mpaka mvua zilipoanza, na mmoja wa wale waliopiga miluzi alipata dhahabu akajenga nyumba, tunapita mbele yake tukienda Isaka. Shija anafanya kazi ya useremala na baba hadi sasa. Siku nyingine hunitazama wakati wa chakula na kusema, "Mngeniacha tu." Siku nyingine hasemi kitu, anaamka alfajiri kuwatazama watoto wake wamelala. Sijui ni Shija yupi niliyemsaidia. Wala sijui kama ningemchongea kile alichoomba ningemwokoa au ningempoteza. Nimefundisha miaka mingi, nimesoma tena vitabu vya imani yangu na vichache vya imani ya Mama Jayesh, na bado siku nyingine nikipita chini ya swastika ya lile duka sijui niinamishe kichwa au niende tu zangu.

Lakini moja nimelishika, nami nakukabidhi. Huko chuoni uendako utasoma, na utajua lililo sahihi kabla ya wengi walio karibu nawe. Utakapomkuta mtu ameshika kitu ambacho wewe unakiona cha upuuzi, usianze na kile kitu. Anza na mkono uliokishika. Uliza kwanza unatetemeka kwa nini. Ukishasikia, bado unaweza kukataa, na pengine utapaswa kukataa. Lakini ukatae ukiwa umekaa karibu naye. Usikatae kutoka mbele ya ubao, kama nilivyofanya mimi. Na ukiona umechanganyikiwa, usione haya. Mimi nilimdhuru ndugu yangu siku niliyokuwa na hakika, na nilimfuata siku niliyokuwa sijui kitu.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akuamshe kila asubuhi na mtu wa kumuuliza habari zake, akupe subira ya kungoja jibu lake lote, na popote utakaposhuka, ardhi iliyo juu yako itulie.