Nilivyochagua housing, lenzi na flashi ya kumpiga picha "nyoka" wa ndiva yetu

Wakuu, nawasalimu. Walionizidi umri, kama wamo humu, shikamooni.

Kabla sijaendelea, nitenganishe mambo mawili. Niliyoyaona kwa macho yangu nitayaandika kama nilivyoyaona. Niliyoyasikia nitasema "nimesikia", nanyi myapokee kwa tahadhari kama mimi. Nimefundisha baiolojia hadi kustaafu, na sikuwahi kutoa maksi kwa jibu la "watu wanasema".

Naandika nikiwa na furaha isiyolingana na umri wangu. Mama Neema, mke wangu, amekwishanionya mara mbili leo niache kucheka peke yangu sebuleni.

Ninaishi bondeni, si mbali na Lushoto mjini. Tuna ndiva, yaani bwawa dogo la mawe na udongo. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, na asubuhi mwenye zamu huzibua mlango na kuyaelekeza shambani kwake.

Siku moja jirani yetu, Bi Agnes, alikwenda kuzibua akarudi bila jembe. Nimesikia kwamba kelele zake zilifika barabarani. Sikuwepo. Nilichosikia mwenyewe ni maelezo yake kwenye kikao cha wenye ndiva: nyoka mweusi, mnene kama mkono wa mtu, ameingia chini ya mawe ya mlangoni.

Nilisimama nikaeleza, kwa utulivu, kwamba Bi Agnes aliona ufito unaoelea.

"Ufito una macho, Mwalimu?" akauliza.

Nikasema hauna.

"Basi huo wangu uligeuka ukaniangalia, tena kwa dharau kama unavyoniangalia wewe sasa hivi!"

Kikao kizima kiliangua kicheko. Mimi sikucheka.

Mwenyekiti wetu, Yohana, akapendekeza imwagwe dawa ya kuua kila kilichomo. Wakuu, maji hayo yanakwenda kwenye kabichi na karoti zetu, na huko chini ng'ombe wanayanywa! Nikapinga kwa nguvu zote.

"Mgosi, maneno tumeyasikia," Yohana akaniambia, akiniita bwana kwa Kisambaa. "Lete ushahidi kikao kijacho, baada ya wiki tatu. Usipoleta, tunamwaga."

Hapo ndipo nilipoikumbuka kamera ndogo ya kompakti aliyonipa binti yangu nilipostaafu. Yenyewe haiingii majini. Inahitaji housing, yaani ganda gumu lisilopitisha maji, ambalo kamera hukaa ndani yake nawe ukabonyeza vitufe kwa nje.

Fundi simu mmoja mjini aliniambia, "Mzee, housing ni housing tu, yoyote itaingia." Uvumi! Nilipima kwa rula vitufe vya kamera na vya housing aliyokuwa nayo, nikagundua kuwa housing isiyotengenezwa kwa modeli ileile ya kamera haifai kabisa, kwa sababu kitufe cha nje hakitakutana na cha ndani.

Nikampigia Salehe, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anazamia huko Tanga.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Niambie ulichokijaribu mwenyewe, si kilichoandikwa kwenye boksi."

Alinieleza kuwa ameshatumia housing za alumini, ambazo ni nzito na hufaa kina kirefu, na za plastiki ngumu. Ndiva yetu hainifiki kifuani. Nikachagua plastiki, tena inayoonyesha ndani, ili tone la maji likiingia nilione kabla halijaifikia kamera. Alikuwa nayo ya modeli yangu, akaniazima, akaituma kwa basi.

Sikuiamini. Niliweka karatasi laini ndani badala ya kamera, nikapaka grisi oringi, yaani mpira wa duara unaoziba maungio, nikaizamisha kwenye ndoo kwa saa nzima na jiwe juu yake. Karatasi ilitoka kavu. Wakuu, nilipiga kelele kama mtu aliyefunga goli.

Jaribio la kwanza ndivani nililifanya baada ya maji kuzibuliwa, nikidhani kina kikipungua nitaona vizuri. Kosa. Maji yanapokimbilia mlangoni huvuruga tope lote. Na kwa kuwa flashi ya kamera imekaa jirani na lenzi, iliimulika kila chembe ya tope. Nilipata picha ishirini za theluji.

Salehe akanitumia strobe, yaani flashi ya nje inayokaa kwenye kishikio chake kirefu, mbali na lenzi. Ukiisogeza pembeni, mwanga unamfikia mnyama kwa ubavu na tope la mbele ya lenzi halimulikwi sana. Aliongeza na lenzi mbili za kufunga mbele ya housing: moja ya kukuza vitu vidogo, nyingine ya kupanua eneo linaloonekana.

"Watu wengi husema maji machafu yanataka ya kukuza," akaniambia.

"Watu wengi wepi?"

"Basi jaribu zote mbili mwenyewe, Mwalimu."

Nikajaza maji ya ndiva kwenye pipa, nikatumbukiza mkanda wangu mweusi wa suruali, nikapiga picha kwa kila lenzi.

"Baba Neema, sasa unavua mikanda?" Mama Neema akauliza kutoka jikoni. "Ukifika kwenye suruali, niite."

Lenzi ya kukuza ilinipa tundu moja la mkanda. Ile ya kupanua iliniruhusu kuusogelea kabisa na bado ukaingia wote kwenye picha. Maji kati ya lenzi na mkanda yakiwa machache, tope nalo huwa kidogo. Nikaichagua.

Jaribio la pili nililifanya alfajiri kabla ya kuzibua, maji yakiwa yametulia. Picha zote zilitoka nyeupe, kama ukungu wa Julai.

Nilikaa siku mbili nikitafuta sababu. Nilikuwa nimefunga housing jikoni, karibu na moto, birika la chai likichemka, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi kali. Nilifungia humo mvuke wa chai! Ilipoingia kwenye maji baridi, mvuke ukageuka matone kwenye kioo. Nani mwingine angekosea hivyo, kama si sisi wa milimani tunaofanyia kila kitu jikoni?

Zikabaki siku tatu. Safari hii nilifungia kila kitu nje, uani, nikaweka ndani vipakiti viwili vya kunyonya unyevu nilivyovitoa kwenye boksi la viatu.

Nikalala kifudifudi juu ya ukuta wa ndiva, mikono majini hadi mabegani. Mama Neema alinishika miguu.

"Ukivutwa na nyoka nakuachia," akasema. "Nikuambie mapema."

Nikaelekeza lenzi chini ya mawe ya mlangoni. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena.

Kwenye picha ya nne alikuwepo. Mweusi, mnene kama mkono, mdomo umeachama kidogo. Nyuma ya kichwa ana mapezi mawili, na mgongoni pezi refu linalokwenda hadi mkiani. Nyoka hana mapezi. Wakuu, ni mkunga! Samaki! Nilimkumbatia mke wangu nikiwa nimelowa chepechepe, mbele ya wenye zamu.

Kwenye kikao Yohana aliikuza picha kwa vidole, akaipitisha kwa kila mtu. Mikono ikanyooshwa: dawa haimwagwi.

Bi Agnes akaisogeza karibu na macho. "Mwalimu, macho unayaona?"

"Nayaona."

"Na dharau je?"

"Naiona pia. Nisamehe, Bi Agnes. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo."

Hilo ndilo funzo langu, kubwa kuliko la lenzi. Yeye aliona, akakosea jina tu. Mimi sikuona chochote, nikatoa hukumu.

Wenye uzoefu wa kupiga picha kwenye maji yenye tope, karibuni mnisahihishe. Ila semeni mlichokijaribu wenyewe.

Nimesoma kwamba mikunga huzaliwa baharini na kupanda mito hadi huku. Sikuwaona wakipanda. Nilichokiona ni cha leo asubuhi kabla ya kuzibua: Bi Agnes ameinama pembeni yangu, jembe mkononi, na mkia mweusi unaingia taratibu chini ya jiwe la tatu kutoka mlangoni.