Nafasi Moja kwenye Boti

“Kiingereza hakikung'ati, mama,” bintiye alimwambia siku alipomburuta hadi darasa la watu wazima wakasome pamoja. Hakikung'ati! Mbona sasa Mama Vifungo, mshonaji wa sare za shule, jasho lilimtoka kama aliyeitwa polisi?

Walikuwa wamesoma hadithi ya abiria waliokwama kisiwani. Boti iliyokuja kuwaokoa ilikuwa na nafasi moja tu, kwa hiyo mwalimu alimtaka kila mwanafunzi amwandikie nahodha barua ya kumshawishi, kisha aisome mbele ya wenzake.

Mama Vifungo aliiandika yake juu ya cherehani, akiwa peke yake. Mgongo unamuuma, aliandika, maisha yake yote hajapumzika, na yeye pia anataka kuishi. Maneno yalimtiririka hadi akajishangaa.

Bintiye ndiye aliyetangulia kusoma. “Nahodha, mchukue mama yangu,” alisema. “Mimi nitabaki.”

Darasa zima likapiga makofi.

“Haya mama, zamu yako,” mwalimu akaita.

Mama Vifungo alisimama. Aliipitia barua yake harakaharaka, juu hadi chini, akitafuta mahali alipomtaja mwanawe. Hapakuwepo.