Jiwe la angani lilitukuta tunaamia ndege, mimi na mama mkwe

Wakuu, kwema?

Nimekaa na hili jambo moyoni mpaka limenichosha, leo nalitoa. Atakayesema ni chai, anywe tu, sukari nitamwongezea. Nilikuwepo, masikio yangu mpaka sasa yanavuma, na mtu aliyenusurika kufa pale ni mama mkwe wangu.

Mimi ni mkazi wa Mlabani, hapa Ifakara. Nina kiduka, lakini kila masika nashuka bondeni kulima mpunga kama nusu ya watu wa mji huu.

Msimu ule mke wangu alikuwa amejifungua, shamba likabaki langu peke yangu. Na mpunga ulikuwa unaingiza maziwa. Mnaolima mnajua maana yake: kwelea kwelea, ndege wanaoshuka kwa maelfu. Ukichelewa asubuhi moja tu, unakuta mabua.

Mama mkwe akaja kutoka Idete kumwona mjukuu. Alipoona nahangaika, akamwambia binti yake, "Mwambie mumeo kesho nakwenda kuamia ndege."

Akamwambia binti yake. Mimi nimekaa pale pale nasikia.

Nyie mnaotoka kusiko na adabu hizi, nieleweni. Kwa watu wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawagusani. Hampeani mkono, hamkai mkeka mmoja, mkikutana kwenye njia nyembamba wewe unaingia majini yeye apite. Shikamoo naitoa kwa mbali nimeinama, naye anaitikia akiangalia pembeni. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kumtazama usoni vizuri.

Basi tukapanga. Kulala, atalala kwenye kibanda cha Mama Selina, jirani yetu wa shamba. Mchana yeye yuko dungu la upande wa mto, mimi la upande wa barabara. Chakula chake nakiweka kwenye kichuguu katikati, naondoka, ndipo yeye anakuja kuchukua.

Dungu, kwa msiolijua, ni kichanja kirefu cha miti. Unapanda juu kupiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, ndege wasitue.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, jua halijachomoza. Nilikuwa chini nachimba udongo wa kombeo.

Ghafla kukawa mchana.

Kivuli changu kikatokea mbele yangu, cheusi tii. Halafu kikaanza kutembea. Mimi nimesimama, kivuli kinanizunguka miguuni! Nikainua macho. Kitu cheupe kinapita angani, kimetokea upande wa Mahenge kinaelekea milima ya Udzungwa, na hakina sauti. Hakina sauti kabisa wakuu. Mlima wote ukaonekana, mti mmoja mmoja. Joto likanigusa shavuni. Kisha kikapasuka kwa mwanga ambao hata nilipofumba macho bado niliuona.

Halafu kimya.

Juu ukabaki mstari wa moshi umejikunja, unang'aa kwa jua ambalo sisi huku chini lilikuwa bado halijatufikia. Nikajikuta machozi yanatoka na mdomo unasema "Ee Mungu, ee Mungu." Sijaona kitu kizuri kama kile maishani, na sitaki kukiona tena.

Na ndege? Waliruka wote. Bonde zima likainuka kama mtu kakung'uta blanketi.

Unajua tulifanya nini? Tulishangilia! Sisi watu wa mpunga ndivyo tulivyo. Kwelea wakiruka kwa mpigo, unapanda dungu mbio uone wanakwenda kutua shamba la nani. Kila mtu akapanda. Mama Selina akapanda. Mama mkwe alikuwa juu tayari, kasimama wima, mkono kwenye paji la uso, anapiga vigelegele. "Wameenda hao! Wameenda!"

Hapo ndipo nikakumbuka uzi mmoja wa humu humu jukwaani. Mdau mmoja alieleza kuwa katika nchi fulani ya baridi jiwe lilipasuka angani, watu wakakimbilia madirishani kushangaa mwanga. Kishindo kikaja baadaye, kikawapasulia vioo usoni. Mwanga unatangulia, kishindo kinafuata, sawa na radi.

Na mama yuko juu ya miti!

Nikakimbia ndani ya maji napiga kelele. "Mama, shuka! Shuka ulale chini!"

"Nishuke niende wapi, baba? Na ndege wakirudi?"

"Kuna kishindo kinakuja!"

"Kishindo gani? Mbona kimya?"

Na kweli kulikuwa kimya, ndiyo shida yenyewe. Nikapanda ngazi ya dungu. Aliponiona nachomoza akarudi nyuma mpaka ukingoni kabisa.

"Usinisogelee! Baba, una wazimu? Usinisogelee!"

Wakuu, msinicheke. Kifo kiko njiani na mimi nimeganda nawaza adabu. Nikamtazama yule mama, ananiogopa mimi kuliko kile kilichopita angani.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Nikamkamata, nikamtupa begani kama gunia, nikaruka naye. Tukaangukia matopeni puu! Ananipiga kichwani kwa viganja, analia kwa aibu. Nikamlaza nyuma ya ukingo wa jaruba, lile tuta la kuzuia maji, nikamfunika kwa mwili wangu.

Ndipo kikaja.

Nilikisikia tumboni kabla ya masikioni. Maji ya jaruba zima yakatetemeka. Halafu PAAA! Mpunga wote ukalala chini kwa pamoja, hewa ikanibana kifuani nikashindwa kuvuta pumzi. Nguzo za dungu la mama zikakatika, likaenda chini na debe lake. Vikafuata vishindo vingine, vinagonga milimani na kurudi, vinagonga na kurudi, nikasema leo dunia inafungwa.

Kulipotulia, mama alikuwa amenishika shati kwa mikono yote miwili, anasali. Alipogundua amenishika, akaachia haraka. Akasimama, khanga imejaa tope, akaondoka.

Mama Selina hakuwa na wa kumshusha. Alianguka kutoka juu, paja likavunjika. Tulimbeba kwa mlango wa kibanda mpaka barabarani, na mpaka leo anatembelea magongo.

Mjini vioo vilipasuka, lakini mke na mtoto nilikuta wazima. Mama mkwe alikuwa ameunganisha moja kwa moja mpaka Idete, hata mjukuu hakumuaga.

"Umemfanya nini mama yangu?" mke wangu akaniuliza. "Simu hapokei."

Nikamweleza. Akacheka, halafu akalia. Maana maneno yalishaanza huko kwao, kwamba mkwe kaonekana kamkumbatia mama mkwe matopeni. Mama akaacha kwenda hata kanisani. Iliniuma jamani. Nimemwokoa roho, nimemwua jina.

Baadaye wakaja wataalamu, ukaitishwa mkutano. Walikuwa na kipande cheusi kilichookotwa matopeni, wakatupitishia tukishike. Kidogo, lakini kizito mno. Mtaalamu akasema kimezunguka huko juu tangu kabla dunia haijawa na mtu hata mmoja. Nilikishika kwa mikono miwili kama yai.

Akasema mawe ya ukubwa wa lile lililopasuka mara nyingi hayaonekani mpaka yamefika, ila mengine huonekana saa chache kabla.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa mkiliona, mtatuambia?"

Mtaalamu akageukia meza kuu. Kiongozi mmoja wa meza kuu akadakia, "Ndugu zangu, tukiwaambia si mtazua taharuki tu? Kwa saa chache mngekimbilia wapi?"

Upande wa wanawake mtu akasimama. Mama mkwe. Hata sikujua kama amekuja. Aliangalia meza kuu, kisha akageuka akaniangalia mimi, usoni, mbele ya watu wote.

"Nisingekimbilia popote," akasema. "Mngeniambia, ningeshuka mwenyewe."

Akakaa.

Mama Selina aliinamia magongo yake. Yule kiongozi akafungua chupa ya maji akanywa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Wanasema serikali zisitangaze, watu watashikwa na hofu. Sisi hatukuwa na hofu hata kidogo, tulipiga vigelegele, na ndicho kilichotuumiza. Tuambiwe, na tuambiwe la kufanya: ukiona mwanga usioujua, usipande kushangaa. Shuka, lala chini, subiri.

Wewe ungepewa saa chache, ungetaka kujua au ungetaka kuachwa na debe lako? Semeni, povu ruksa. Ila mwenye neno juu ya yule mama aje alitoe kwangu, maana sasa namtazama usoni na yeye ananitazama.