Kiingereza cha Tahariri

Juzi nilipita Nyakitonto nikakuta gari limekwama mbele ya nyumba yetu ya zamani, na hasira ya utotoni ikanirudia.

Baba aliamini Kiingereza chote kimo kwenye tahariri za gazeti. Nilizikariri kutoka karatasi zilizofungiwa maandazi, zikinuka mafuta, nikidhani Waingereza huzungumza hivyo hata jikoni. Nilijua kulaani vikali na kuwajibisha viongozi.

Alasiri moja ya mvua, gari la wageni wa kambi ya wakimbizi lilizama kwenye tope pale nje. Mama mmoja wa Kizungu alishuka, akaniuliza jambo huku akilionyesha jembe letu.

“Haya mwanangu, mjibu! Si unasoma gazeti?” Baba alisema, majirani wakisikia.

Nililitafuta neno la jembe, sikulipata. Nikamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba serikali ichukue hatua za haraka.

Alicheka, akalichukua jembe mwenyewe. Nililia nyuma ya jiko, nikiyachukia magazeti yote.

Siku hizi neno la jembe ninalijua. Lakini juzi, nikitazama magurudumu yakizunguka bure kwenye tope lilelile, jibu lililonijia mdomoni lilikuwa lile la kwanza.